Radi wa Filamu na Radi wa Makochi

Mimi sina subira, nalisema mapema ili tusije tukalaumiana. Mtu akinikanyaga nampa yake papo hapo, tunamalizana, kila mmoja anashika njia yake. Mpole wa nyumba hii ni mume wangu. Yeye akikanyagwa anaomba radhi kwa kuuweka mguu wake hapo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye waliyemchukua wakamfanya ibilisi kwenye filamu, mbele ya mji mzima, kwenye pazia kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu. Halafu wanataka ninyamaze. Thubutu!

Mume wangu ni fundi makochi. Ukimletea kochi lililobonyea katikati, lile ambalo ukilikalia magoti yanakufika kidevuni, atalivua kitambaa, atang'oa misumari ya zamani, atabadilisha mikanda na sponji, na ukija kulichukua utadhani umenunua jipya. Akiwa kazini anabana misumari midogo mdomoni, kwa hiyo asubuhi nzima haongei, na mimi kwenye cherehani naongea kwa niaba ya wote wawili. Karakana yetu ni chumba cha mbele. Tunanuka gundi mpaka kwenye harusi za watu. Wateja wanamwita Fundi, lakini watu wa rika lake wanamwita Radi, kwa sababu ujanani alipiga dramu kwenye bendi ya roki, tena si bendi ya vichochoroni, ni ile bendi ya Shoka mwenyewe.

Shoka hahitaji kuelezwa, lakini acha nieleze kwa faida ya aliyekuwa amelala. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, na akilishika gitaa lake watu wazima wenye heshima zao walikuwa wanapanda juu ya viti. Yeye na Radi walikua mlango kwa mlango. Mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Shoka, alikuwa na baa ndogo sebuleni kwake, meza chache na friji moja lenye kelele. Vijana wale wawili walijifunzia muziki uani, nyuma ya baa, Shoka na gitaa la kuazima, Radi na makopo matupu ya rangi. Radi alifiwa na mama yake angali mdogo, Mama Shoka akamchukua. Alisema kupikia mmoja na kupikia wawili ni moto ule ule. Siku ya harusi yetu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi, na mimi namwita mama mpaka leo, ingawa mwaka huu kuna siku nilimwita majina mengine.

Bendi ilivyozidi kupanda, Shoka alizidi kunywa. Mwanzoni watu waliona ni vituko vya msanii, wakacheka. Baadaye akawa anasahau maneno ya nyimbo alizozitunga mwenyewe, anaangukia spika, anatukana mashabiki. Radi ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni kumtoa jukwaani. Radi ndiye aliyekuwa anamwaga chupa kwenye sinki na kupigwa makofi kwa sababu hiyo. Bendi ikavunjika, wenzao wakatafuta kwingine pa kupiga, na Radi naye aliitwa, bendi zilikuwa zinamgombania. Hakwenda. Alijifunza ufundi wa makochi kwa mzee mmoja aliyekuwa na karakana jirani na kwa Mama Shoka, ili awe karibu. Shoka alifia kwenye chumba cha nyuma cha mama yake, ini limekwisha kazi, tumbo limejaa maji, na aliyekuwa anamwogesha na kumbadilishia mashuka ni Radi. Mimi nilikuwa mchumba wakati huo. Maji ya kumwogeshea niliyachemsha mimi, kwa hiyo nisije nikasimuliwa.

Tangu hapo Radi hakurudi jukwaani. Ila Jumamosi alikuwa anafundisha watoto dramu kwenye ukumbi wa mtaa, bure kabisa. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona anakilinda kwa wivu. Nilikuwa nikimwambia Jumamosi hii kuna kochi la mteja mkali, ananijibu, "Mteja atasubiri, watoto hawasubiri." Alikuwa akirudi kutoka huko ameloa jasho, anaimba bafuni, anacheka peke yake akikumbuka katoto fulani kalikokuwa kanapiga huku kametoa ulimi nje. Mtu akitaka kujua mume wangu anaishi kwa ajili ya nini, jibu lilikuwa pale ukumbini.

Basi wakaja wenye filamu. Wanatengeneza filamu ya maisha ya Shoka, wanataka kuzungumza na waliomjua. Mwongozaji wao alikuwa kijana mwenye adabu zake, amevaa miwani, anavua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue. Walikaa karakanani kwetu mchana kutwa, wakanywa chai yangu, wakapiga picha mikono ya Radi. Radi akawasimulia kila kitu. Akawaazima hata fimbo zake za dramu, ambazo mimi mwenyewe siruhusiwi kuzigusa nikiwa nafagia.

Filamu ilipokamilika tukaletewa kadi ya mwaliko, onyesho la kwanza, ukumbi mkubwa wa sinema katikati ya mji. Niliazima gauni la dada yangu. Radi alipiga pasi suruali yake mwenyewe, mara mbili, maana ya kwanza hakuridhika nayo. Tukaketi, Mama Shoka wakamkalisha mbele na wenye filamu. Taa zikazimwa.

Mwanzo nilikuwa nafurahi, nisiseme uongo. Uani kwa Mama Shoka kulikuwa ndiko kwenyewe, makopo ya rangi ndiyo yenyewe. Halafu ikaja ile sehemu. Shoka wa kwenye filamu ni kijana safi, hata soda hanywi, anakunywa maji. Radi wa kwenye filamu, jitu moja lenye macho ya kulegea, linamjia nyuma ya jukwaa na chupa, linammiminia, linamwambia, "Onja kidogo, ndugu yangu. Hakuna aliyewahi kuimba roki kwa maji." Kijana anakataa. Linamshika kidevu. Anaonja. Muziki ukabadilika, ukawa mzito, na mimi nikasikia damu yangu inachemka kuanzia visiginoni. Na haikuishia hapo. Kila Shoka anapojaribu kuacha, Radi huyo yupo na chupa. Mwisho Shoka anaanguka jukwaani katikati ya wimbo, mvua inanyesha, taa zinammulika, watu maelfu wanalia, na Radi anaweka fimbo zake mfukoni anatokomea gizani.

Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alikuwa anapenga kamasi. "Mshenzi mkubwa yule mpiga dramu," akasema. "Natamani nimwone."

Niligeuka nimwonyeshe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Radi akanishika mkono. Nikamtazama. Alikuwa analia. Jamani, mume wangu alikuwa analia kwa utamu wa filamu!

Tulirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Alipoketi tu nikamwuliza, "Wewe umelia nini?"

"Mke wangu, tuwe wakweli. Ile filamu ina uzuri wake."

"Uzuri gani?"

"Yule kijana aliyemwigiza Shoka amemweza. Umeona anavyokuna sikio akitaka kudanganya? Nani alimwambia? Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba Shoka alikuwa na tabia hiyo. Nilipoiona ndiyo machozi yakanitoka. Na sauti, mke wangu! Dramu unaisikia tumboni. Watu wengi wakitengeneza filamu za muziki, muziki wenyewe unakuwa kama redio ya jirani. Hawa wamejitahidi."

"Endelea. Wasifie vizuri."

"Sisifii tu. Ubaya upo. Ule wimbo wetu mkubwa tuliugombania miezi mizima, mpiga besi akataka kuondoka, tukaurekodi tukiwa hatusalimiani. Humo ndani Shoka anachungulia dirishani, anaona ndege, anauimba wote mpaka mwisho. Nani anatunga wimbo hivyo? Halafu mpiga besi na mpiga kinanda wamewafanya mtu mmoja, na wale watu walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Na kufa kwake." Akavua kiatu kimoja. "Kufa kwake hakukuwa na taa."

"Na yule aliyekuigiza wewe?"

"Ah, yule anapiga dramu kama anafukuza nzi."

Hapo nilicheka bila kutaka, na kucheka kule kukanizidishia hasira. "Sikuulizi habari ya nzi! Nakuuliza habari ya chupa. Wamesema wewe ndiye uliyemfundisha pombe. Wamekuua jina, na wewe unaniambia habari ya kukuna masikio!"

"Filamu lazima iwe na mtu mbaya," akasema.

"Na wakakosa mwingine dunia nzima?"

Alikwenda kuitundika suruali yake.

Alidhani yataishia sinema. Watu wakaiona filamu, wakairudia, wakawaambia wenzao. Mteja mmoja alikuja kuchukua kochi lake likiwa nusu uchi, sponji inaning'inia, akasema amepata fundi mwingine. Dukani wakawa wananyamaza nikiingia. Hayo ningeyameza. Lakini mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa, ambaye aliwahi kula nyumbani kwetu zaidi ya alivyokula kwake, alikuja akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Fundi, wazazi wana wasiwasi," akasema. "Wewe ni mtu mzima, unanielewa. Watoto wao, na mambo ya pombe. Pumzika kidogo kwanza, upepo upite."

"Mimi sinywi," Radi akasema. "Unajua sijawahi kunywa."

"Mimi najua. Wao wameona filamu."

Nilimwambia mwenyekiti maneno ambayo sitayarudia hapa, mengine yalimhusu mama yake mzazi, Mungu anisamehe. Akaondoka. Jumamosi iliyofuata Radi alikaa karakanani anapiga msasa mguu wa kiti, anapiga, anapiga, mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake, ikabidi achonge mwingine. Hakuimba bafuni. Nikaona sasa basi, imetosha.

Nilikwenda ofisini kwa yule mwongozaji bila miadi, na mlinzi aliyejaribu kunizuia alijuta. Nilimkuta kijana wa watu anakula. Akasimama, akanikaribisha kiti kwa adabu zake zile zile, nami nikamwambia aniache nisimame, nikikaa nitapoa.

"Nyumbani kwangu ulivua viatu," nikasema, "ukanywa chai, mume wangu akakueleza kila kitu. Halafu ukaenda kumtengeneza mlevya watu. Wewe umelelewa na nani?"

"Mama, naelewa una hasira."

"Huelewi hata robo."

Aliiweka sahani yake pembeni. "Filamu si mkutano wa ushahidi, mama. Nina saa mbili za kumwonyesha mtu maisha mazima. Shoka akionekana anakunywa tu mwenyewe, bila sababu, watazamaji watamchoka kabla hata ya katikati. Lazima kuwe na mkono unaommiminia. Hapo ndipo watu wanamhurumia. Na wamemhurumia kweli, nyimbo zake zimefufuka, watoto wadogo wanaziimba. Hilo si jambo dogo."

"Na huo mkono ukaamua uwe wa mume wangu."

"Sikuamua mimi. Tuliambiwa."

"Na nani?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na mama wa marehemu. Tulimwuliza ni nani aliyemwonjesha Shoka pombe mara ya kwanza. Akasema ni Radi."

Nilikaa. Kile kiti nilichokikataa nilikikalia mwenyewe.

"Na mume wangu mkamwuliza?"

"Ningemwuliza nini, mama? Angekubali? Nilikuwa na mama mzazi mbele yangu, analia. Wewe ungekuwa mimi, usingemwamini?"

Nilitafuta tusi la kumjibu, na mimi matusi huwa hayanipigi chenga, lakini siku ile sikuliona. Nilitoka bila kuaga.

Mama Shoka alifunga baa zamani sana. Lile friji bado lipo sebuleni, halina umeme, anatunzia humo nguo za baridi. Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu kwenye beseni. "Karibu, mwanangu," akasema, kisha akaniona uso, akaweka kisu chini.

"Mama, Radi ndiye aliyempa Shoka pombe?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa ananisubiri tangu siku ya onyesho. "Hapana," akasema.

"Sasa kwa nini umesema?"

"Walikuwa wameniwashia taa usoni. Wakauliza, nani alimpa mara ya kwanza. Na mimi jibu nalijua, mwanangu. Jibu nimelala nalo miaka yote hii." Akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Alikuwa mtoto wa kulialia. Baba yake kaniachia baa na deni la friji, wateja wamejaa, mtoto analia hanyamazi. Nikamlambisha bia kwa kijiko. Akalala. Kesho yake nikarudia. Alipoanza kutembea akawa anamalizia glasi za wateja, na sisi wote tunacheka, tunampigia makofi, tunasema huyu ni mwanamume. Mimi nacheka kuliko wote. Sasa ningewaambia hivyo wale watoto na kamera yao?"

"Ungenyamaza! Ungesema hujui! Kwa nini Radi?"

"Nilitafuta mtu ambaye hawezi kunichukia," akasema. "Nikampata mmoja tu."

Ningekuwa na nguvu ningelipindua lile beseni. Nilimwambia, mama wewe, mama wewe, mtu amemwogesha mwanao uchi wa mnyama akiwa hajitambui, ameacha muziki kwa ajili yako, anakuja kila siku kukuchotea maji, na wewe unamtupa kwa mbwa kwa sababu ni mpole! Ningekuwa mimi usingenitaja, kwa sababu unajua ningekuja! Nilipiga kelele mpaka majirani wakafunga redio wasikie vizuri. Yeye analia, mimi nalia, na katikati ya kelele hizo nikajikuta nimeshika kisu, namenya vitunguu vyake huku namgombeza, maana mikono yangu haijui kukaa bure.

Nilipochoka nikamwambia la kufanya. Jumapili ile filamu ilikuwa inaonyeshwa bure kwenye ukumbi wa mtaa, mchana, kwa watu wote, na yeye alikuwa ameombwa aseme machache mwishoni. "Utasema ukweli wote mbele yao," nikamwambia. "Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nikisema unanijua."

Alikusanya maganda ya vitunguu kwenye beseni. "Nitasema mwenyewe," akajibu. "Ila Radi usimwambie. Asikie kwangu."

Sikumwambia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa na misumari mdomoni. Radi akaniuliza kama naumwa.

Jumapili ukumbi ulifurika. Wazazi wa wale watoto wote walikuwepo, na watoto wenyewe wamekaa chini mbele. Radi hakutaka kuja, nikamwambia usipokuja watasema umekimbia kama yule wa kwenye filamu. Tulikaa ukutani karibu na mlango. Filamu ikaanza, na nakuapia, hata mimi niliyekuwa naichukia, ilipofika ile sehemu ya uani na makopo ya rangi nilisahau kwamba nina hasira. Ilipokwisha, ukumbi mzima ulikuwa unavuta pua. Watu wawili watatu waligeuka kumwangalia Radi kwa jicho la chini.

Mwenyekiti akapanda jukwaani na kipaza sauti, akamwita Mama Shoka. Akapanda taratibu, amevaa gauni lake jeusi. Hakuwa na karatasi. Alishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nashukuru mmempenda mwanangu," akasema. "Lakini kuna uongo humu ndani, na uongo huo ni wangu. Radi hakumpa mwanangu pombe. Radi hajawahi kunywa. Nilimpa mimi. Nilimlambisha bia kwa kijiko akiwa mchanga, ili alale, nifanye biashara. Wenye filamu waliponiuliza niliogopa, nikamsingizia Radi. Hakumkimbia mwanangu. Yeye ndiye aliyemwuguza mpaka akamfumba macho. Radi, mwanangu, nisamehe."

Nikasema moyoni, afadhali, sasa mmesikia, sasa nitawatazama mmoja mmoja machoni.

Halafu mama mmoja aliyekaa mbele akapaza sauti, machozi yanamtiririka. "Jamani, moyo wa mama!"

Mwingine akadakia, "Anajibebesha dhambi ya Radi! Mmeona upendo huo?"

Makofi yakaanza. Yakaanzia mbele, yakaja nyuma, watu wakasimama. "Mama huyu ni malaika!" Mama Shoka akawa anatikisa kichwa, anasema hapana, hapana, ni kweli, na kadiri alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Radi akainuka. Akapita katikati ya watu mpaka jukwaani, akampa mkono ashuke, nikaona midomo yake, nilijua anachosema kwa sababu ningesema hicho hicho: angalia waya, mama, usijikwae. Mama Shoka akamwegemea akaanza kulia kifuani kwake. Basi! Ukumbi ukapasuka. Mwenye dhambi amerudi, mama amemsamehe, simu zote zikanyanyuliwa juu zinarekodi.

"Amesema kweli!" nikapiga kelele. "Nyie, amesema kweli! Hamkusikia? Kijiko! Amesema kijiko!"

Jirani yangu mmoja akanikumbatia kwa nguvu nikashindwa kupumua. "Lia, shoga yangu," akasema. "Lia, yamekwisha."

Nilimsukuma. Nilipofika mbele mwenyekiti alikuwa amemshika Radi bega, uso umemkunjuka. "Shemeji, karibu, tunazungumza mambo mazuri," akaniambia. "Fundi, yaliyopita yamepita. Wazazi wenyewe wameniambia sasa hivi, rudi Jumamosi. Ila kwanza utawaambia watoto maneno mawili matatu, pombe ilivyo mbaya, na jinsi unavyojuta. Na mzazi mmoja atakuwa anakaa humo ndani. Utaratibu tu."

Nilimwona Radi anawatazama watoto. Kale kanakotoa ulimi nje kalikuwa kanampungia mkono. Nilijua anavyokitaka kitu kile. Nilijua pia kwamba mtu huyu hajawahi kumwambia mtu hapana tangu nimemjua, na nikaanza kuvuta pumzi nimkatalie mimi.

"Dramu nitawafundisha," akasema. "Kujutia nisilolifanya siwezi."

"Fundi, usituharibie siku nzuri. Ni maneno tu."

"Basi sitarudi."

Alisema polepole, hata hakukunja uso. Mwenyekiti akatikisa kichwa akiwaangalia wazazi waliokuwa karibu, nao wakatikisa vya kwao, wakanong'onezana kwamba mtu huyu hata akisamehewa hasameheki. Radi akatoka nje. Kale katoto kaliendelea kupunga mkono kuelekea mlangoni.

Tulirudi kwa miguu. Radi alikuwa ametangulia mbele, anatembea peke yake, mikono nyuma. Mama Shoka alinishika mkono, na mimi nilikuwa nimekasirika mpaka nasikia kizunguzungu, sijui nimkasirikie nani kwanza, yeye, mwenyekiti, yule kijana mwenye miwani, au wale watu wote waliokuwa wanalia kwa raha zao.

"Mwanangu," akaniambia. "Si nimesema?"

"Umesema, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mpaka mlangoni tumesikia."

"Kila kitu nimesema. Hata kijiko."

"Hata kijiko."

"Sasa mbona hawakuniamini?"

"Kwa sababu filamu ni nzuri, mama!" nikamfokea, mpaka mtu mmoja aliyekuwa anapita akageuka. "Ni nzuri, ndiyo maana!"

Akasimama katikati ya njia. Alimtazama Radi anayekwenda mbele yetu, mgongo wake, shati lake la Jumapili.

"Ni nzuri kweli," akasema. "Nilipoitazama siku ile, hata mimi nilimchukia."